Mji wa Mombasa na Maji Yake

Msomaji, ukiitazama ramani ya pwani ya Kenya utaona kisiwa kidogo kilichokumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Mkono wa kaskazini hupita mbele ya Mji wa Kale ukaenda Tudor. Mkono wa kusini ndio Kilindini, nao huendelea mpaka Port Reitz. Kisiwa hicho ni Mombasa. Maji yamekizunguka pande zote, na kwa sababu ya maji hayo mji umepata utajiri wake, sifa zake na vita vyake. Katika insha hii sitakueleza vita, maana hivyo umekwisha kuvisoma katika vitabu vya historia. Nataka tufuatane katika historia ya namna nyingine, isiyopigiwa ngoma wala kuimbiwa nyimbo: jinsi watu wa mji huu walivyoangalia visima vyao, kivuli chao, mifereji yao na taka zao, na jinsi kazi hizo ndogo zinavyohusiana na jambo kubwa la zama zetu, nalo ni mabadiliko ya tabianchi.

Neno hilo lisikutishe. Tabianchi ni desturi ya hali ya hewa ya mahali kwa miaka mingi: majira ya kusi na majira ya kaskazi, mvua za masika na mvua za vuli, kadiri ya joto na kadiri ya baridi. Kabla ya viwanda kuenea duniani, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu kama 280 zilikuwa gesi ya kabonidioksidi. Leo zimepita 420, kwa sababu watu wamechoma makaa ya mawe na mafuta bila kiasi, na kukata misitu. Gesi hiyo huizuia dunia kutoa joto lake, kama blanketi limzuiavyo aliyejifunika. Basi joto la dunia limekwisha kupanda kwa zaidi ya digrii moja. Maji ya bahari yakipata joto hutanuka, na barafu za nchi za baridi huyeyuka zikaongeza maji hayo. Kati ya mwaka 1901 na 2018 uso wa bahari za dunia uliinuka kwa kadiri ya sentimita 20. Tena hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kwa hiyo mvua ikija yaweza kumwagika kwa siku moja kiasi kilichozoeleka kunyesha kwa siku nyingi.

Pengine utauliza: jambo la dunia nzima lalihusu nini baraza la mji? Je, si kazi ya marais, waliokutana Paris mwaka 2015 wakafanya mapatano? Swali lako ni la haki. Lakini jibu lake limeandikwa katika mawe ya kisiwa hiki, na tukilitafuta tutaliona.

Mwaka 1331 msafiri mashuhuri kutoka Moroko, Ibn Battuta, alitia nanga Mombasa. Katika habari zake alieleza kwamba misikiti ya mji ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na kwamba penye milango yake palikuwa na visima ambavyo kina chake hakikupita dhiraa moja au mbili. Watu waliteka maji kwa chombo cha mti chenye mpini, wakaosha miguu kabla ya kuingia. Habari hii ndogo ina elimu kubwa ndani yake. Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe wenye matundu. Mvua inyeshapo, maji matamu huzama katika mwamba yakaelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi kuliko hayo. Kwa sababu hiyo mtu aliweza kupata maji ya kunywa karibu na uso wa ardhi, ingawa bahari ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Lakini utaona pia hatari yake. Watu wakiteka kupita kiasi, au bahari ikiinuka, maji ya chumvi hupanda na kisima huharibika. Na watu wakichimba vyoo karibu na visima, uchafu hupenya katika mwamba ule ule wenye matundu. Kwa hiyo kisima cha kisiwani hakikuweza kamwe kuwa mali ya mtu mmoja afanye apendavyo. Kilitaka utaratibu. Katika miji ya pwani wenye mali walichimba visima wakavifanya wakfu, ili vitunzwe kwa faida ya wote. Nao watu wa Mombasa walikuwa na utaratibu wao wa utawala, Mataifa Tisa na Mataifa Matatu, ambayo jumla yake ndiyo Thenashara Taifa. Kila upande ulikuwa na mkuu wake aliyeitwa tamimu.

Sasa ingia pamoja nami katika njia nyembamba za Mji wa Kale. Mgeni huziona njia hizi kuwa ni dalili ya uhaba wa nafasi. Lakini pita hapo saa saba za mchana, wakati wa kaskazi, uone mwenyewe. Nyumba za upande mmoja huitilia kivuli njia na nyumba za upande wa pili. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Hulipokea joto polepole, na ndani ya chumba hubaki ubaridi hata jua linapokuwa kali. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ilipatikana kwa urefu wa kama mita tatu tu, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Roshani za mbao huleta upepo wa bahari bila kuleta jua. Tena angalia mahali mji ulipokaa: juu ya mwamba, si chini penye tope. Wareno nao walipojenga Ngome ya Yesu, kati ya mwaka 1593 na 1596, waliiweka juu ya mwamba ule ule wa matumbawe. Wajenzi wa kale hawakuijua kabonidioksidi, wala hawakuwa na kipimajoto. Lakini walilijua jua, walizijua bamvua na maji mafu, wakajenga kwa ujuzi huo.

Usidhani, msomaji, kwamba nasifu mambo ya kale kwa kuwa ni ya kale. Kivuli cha njia hakifanywi na nyumba moja. Hufanywa na nyumba nyingi ambazo wenyewe wamekubaliana, kwa desturi au kwa sheria, namna ya kujenga. Mtu mmoja akijenga kwa busara na jirani zake wakapuuza, joto na maji havitamchagua yeye peke yake kumsamehe. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo historia ya Mombasa yatufundisha: salama ya mji hutokana na maafikiano ya watu wakaao pamoja, na maafikiano hayo yahitaji chombo cha kuyalinda. Chombo hicho ndicho tunachokiita serikali ya mtaa.

Katika karne ya 20 mji ulikua kupita visima vyake. Reli ilikuwa imeanza kutoka hapa kwenda bara, bandari ya Kilindini ikavuta watu wa kila kabila, na mwaka 1928 Mombasa ikapewa bodi ya manispaa. Mwaka 1957 bomba la maji kutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, lilifika baada ya safari ya zaidi ya kilomita 200. Ilikuwa kazi kubwa, na ilistahili kushangiliwa. Lakini fikiri maana yake. Maji ya Mzima ni mvua iliyonyesha katika vilima vya Chyulu, ikapenya katika miamba ya volkano, ikatokea chini kuwa chemchemi. Tangu siku ile mtu wa Mombasa anywaye maji hayo amekuwa mdeni wa msitu ambao huenda hatauona maisha yake yote. Mji ulioishi kwa kisima cha dhiraa mbili sasa huishi kwa mvua ya vilima vya mbali.

Kazi nyingine ya zama zile ilikuwa na matokeo ambayo watu hawakuyaangalia sana. Mwaka 1929 lilijengwa tuta la Makupa, la kukiunga kisiwa na bara. Magari yalipita juu yake kwa urahisi, lakini maji hayakupita tena kama kwanza. Tudor na Port Reitz, ambazo bahari ilikuwa ikizipitia kwa kujaa na kupwa, zilitengwa. Maji yaliyofungwa hukusanya tope na uchafu, na viumbe wa baharini hudhoofika. Kando ya hapo, Kibarani, zilikusanywa taka za mji kwa miaka mingi, ukingoni mwa bahari yenyewe. Taka zinazooza hutoa gesi ya methani, ambayo nguvu yake ya kuzuia joto yapita ile ya kabonidioksidi mara nyingi. Hivyo jaa moja lilidhuru samaki, pumzi za watu na hewa ya dunia kwa wakati mmoja.

Habari njema ni kwamba makosa haya mawili yaliweza kurekebishwa. Mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Mombasa ililifunga jaa la Kibarani, ikaanza kulifukia na kupanda miti mahali pake. Na mwaka 2022 daraja la Makupa lilifunguliwa badala ya tuta, maji yakapata njia yao tena. Muda wa kosa la Makupa ulikuwa miaka 93. Ikumbuke hesabu hiyo kila usikiapo mtu akisema kwamba tuta, ukuta au mfereji ni jambo dogo lisilohitaji kufikiriwa.

Sasa tuone hatari iliyo mbele. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba bahari ikiinuka kwa sentimita 30 tu, sehemu 17 katika kila 100 za ardhi ya Mombasa zaweza kufunikwa na maji. Mji wa Kale, kwa kuwa uko juu ya mwamba, hautakuwa wa kwanza kuzama. Hata hivyo mawimbi yamekuwa yakiula mwamba chini ya Ngome ya Yesu, ambayo mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia, na Serikali imelazimika kujenga ukuta wa kuikinga. Watakaoumia kwanza ni wale ambao hawakupata nafasi juu ya mwamba: watu wa mabanda ya ukingoni mwa Tudor, ambao kodi ya nyumba nzuri imewashinda wakajenga penye maji. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 1997, ya mwaka 2006 na ya Novemba 2023 yalituonyesha jinsi mvua moja iwezavyo kuingia nyumba, kuharibu vyoo na kupeleka uchafu katika visima. Mvua hizo zilitoka mawinguni, lakini dhara lake lilizidishwa na mifereji iliyozibwa kwa taka, na majengo yaliyosimamishwa katika njia ya maji. Wingu hatuwezi kuliamuru, mfereji twaweza.

Hapa ndipo kazi ya serikali ya kaunti inapoonekana wazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo kwa nguvu yake kaunti zilianza kazi mwaka 2013, imezikabidhi kaunti mambo haya: mifereji ya maji ya mvua, huduma za maji safi na maji machafu, uondoaji wa taka, mipango ya ardhi na ujenzi, uzuiaji wa uchafu wa hewa, na usafiri wa ndani ya kaunti. Isome orodha hiyo tena polepole. Hakuna neno tabianchi ndani yake, lakini karibu kila jambo lililomo lahusu joto, mvua au bahari. Kisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 ikazitaka kaunti ziiingize kazi hii katika mipango yao ya maendeleo. Kaunti ya Makueni ilikwisha kutangulia: mwaka 2015 iliweka kanuni za kutenga angalau sehemu moja katika kila mia ya fedha zake za maendeleo kwa kazi za tabianchi, na wananchi wa chini washiriki kuchagua kazi hizo. Na vilima vya Chyulu, vinavyoinywesha Mombasa, kwa sehemu vimo katika Makueni. Basi kaunti moja ikihifadhi msitu wake, nyingine hunywa.

Wala si Kenya peke yake. Huko Uholanzi, ambako kadiri ya robo ya nchi iko chini ya uso wa bahari, wakulima walianza tangu karne ya 13 kuunda mabaraza ya maji. Mabaraza hayo yalitoza kodi, yakajenga kingo na kufukua mifereji, na yako mpaka leo, yakichaguliwa kwa kura. Karibu na kwetu, mji wa Beira katika Msumbiji, usio mbali na Sofala ya mabaharia wa kale, ulikuwa umekarabati mifereji yake kabla ya kimbunga Idai kuupiga mwezi wa Machi 2019. Kimbunga kile kiliubomoa vibaya, na mifereji haikuweza kuzuia upepo. Lakini palipokuwa na mifereji mizuri maji yalipata pa kutokea. Mfereji hauleti heshima siku ya kujengwa. Heshima yake huja usiku wa mvua.

Mwambao wetu una mlinzi mwingine asiyelipwa mshahara. Mkoko, mchu, mkandaa na mlilana huvunja nguvu ya mawimbi, hushika udongo, hulea samaki, na hufungia kaboni nyingi katika tope la mizizi yake. Lakini mlinzi huyu naye ana adui. Mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998 zilileta udongo kutoka mashamba ya juu, ukafukia mizizi na kuua mikoko mingi katika hori la Mwache, nyuma ya Port Reitz. Huko Gazi, katika Kwale, wanakijiji wamekuwa tangu mwaka 2013 wakiuza kwa mapatano ya kimataifa kaboni iliyohifadhiwa na hekta 117 za mikoko yao, na fedha hizo zimewanunulia maji na vitabu vya shule. Kazi ile ni ya wanakijiji. Lakini ni serikali ya mahali iwezayo kuhakikisha kwamba fundi hageuzi ufuo kuwa kiwanja, wala mkulima wa juu halimi mpaka ukingoni mwa mto.

Kuna wasemao: Kenya hutoa sehemu ndogo sana ya gesi zinazoharibu tabianchi, kwa nini basi mtu wa Mombasa alipe kwa kosa la tajiri wa mbali? Malalamiko haya ni ya kweli, na wawakilishi wetu wana wajibu wa kuyapeleka mbele ya mataifa makubwa mpaka yatimize ahadi zao za fedha. Lakini mwenye nyumba ambaye jirani amemtia moto hangoji hukumu ya kadhi ndipo achote maji. Hudai haki yake, na huku anazima moto. Tena fedha za mataifa zikija, zitaingia wapi? Zitaingia katika mfereji wa mtaa fulani, katika bomba la mtaa fulani. Pasipokuwa na utawala mwaminifu wa mahali hapo, zitapotea kama maji katika matumbawe.

Kuna na wasemao kwamba kaunti haina mali ya kutosha. Ni kweli, na kwa hiyo yafaa ianze na kazi zisizo na gharama kubwa: kufukua mifereji kabla ya masika, si baada ya mafuriko, kukataza ujenzi katika njia ya maji, bila kumwonea maskini na kumwachia tajiri, kupanda miti ya kivuli katika njia kuu, kuzuia taka zisifike baharini, na kuzitumia sheria za ujenzi kuleta tena ubaridi wa kuta nene na njia zenye kivuli. Tangu mwaka 1990 Mji wa Kale umekuwa eneo la hifadhi, ili sura yake isipotee. Sura ni jambo jema. Lakini tukihifadhi milango ya nakshi na roshani, kisha tukasahau sababu iliyowafanya wazee waijenge njia hivyo, tutakuwa tumehifadhi ganda tukaitupa kokwa. Na wale wa ukingoni mwa Tudor wakiondolewa penye hatari, wapewe kwanza mahali pa kukaa palipo karibu na kazi zao. La sivyo watarudi, kwa maana njaa huogopwa kuliko mafuriko.

Nawe, msomaji, una sehemu yako. Baada ya miaka michache utakuwa mpiga kura na mlipa kodi, na pengine diwani, mhandisi au bwana afya. Kila mwaka kaunti hupanga matumizi yake, na sheria huitaka iwaite wananchi wayajadili. Mikutano hiyo aghalabu huwa na viti vitupu, kwa kuwa habari za mifereji hazina utamu wa habari za siasa kuu. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Enda, uliza maswali mepesi: mfereji wa mtaa wetu utafukuliwa lini? Fedha zake ni kiasi gani? Nani alitoa ruhusa ya kujenga pale maji yanapopita? Taka zetu huishia wapi? Maswali kama hayo, yakiulizwa kila mwaka na watu wengi, humfanya mtumishi wa umma akumbuke kazi yake.

Tuta la Makupa lilijengwa na watu walioitazama njia ya magari wakasahau njia ya maji, na waliozaliwa mwaka ule wengi wao hawakuwahi kuyaona maji yakipita tena. Bahari inayoinuka sasa haitatungoja miaka 93. Kizazi kilichochota maji kwa chombo cha mti penye mlango wa msikiti kilikiachia kizazi kilichofuata kisima safi. Yatupasa tuulizane, wakati ungali upo, sisi tutawaachia nini watakaotufuata.